Kabla ya Wimbi la Tano

Bwenini, Mamba
Jumamosi, 21 Septemba 2024

Mpendwa Maua,

Nipo, ninakula na ninasoma. Nimeanza na hayo kwa sababu matroni wetu, Mwalimu Dorkas, husoma kila barua inayoingia na kutoka, na ningependa aanze kwa kufurahi.

Sasa tuongee yetu. Wiki ya kumi na moja sijashika simu. Hapa simu ni marufuku, ukikutwa nayo unarudi kwenu na sanduku lako. Lakini mchezo wetu wa minara wa kwenye simu ninao kichwani, na ninaucheza kila siku wakati wenzangu wanasinzia kwenye kipindi cha Uchumi. Nimewachambua wale ndugu wawili wa Mwanga waliotutoa fainali mwaka jana. Unakumbuka? Tulikuwa tumebakiwa na roho sita langoni kwetu, wao nne, wakatutumia viumbe kumi na wawili kwa mkupuo na kona yako ikawa haina mnara hata mmoja wa barafu wa kuwapunguza mwendo. Sikulaumu. Mimi ndiye niliyekwambia usijenge. Lakini safari hii nimeliona kosa lao, na nitalichora.

Uliniandikia mwezi wa nane kwamba mashindano ya Same ni Jumamosi tarehe 14 Desemba, kwenye ule ukumbi wa karibu na stendi. Sisi tunafunga shule Ijumaa tarehe 6. Nitakuwa na wiki nzima ya kuzoesha vidole. Tuandikishe kwa jina letu lilelile, Perege Wawili. Waliolicheka mwaka jana tuliwafunga wote isipokuwa hao wa Mwanga, na zamu yao imefika.

Samaki wanatoka? Mama yako mguu umepona?

Mwenzako,
Eliaichi


Nyumba ya Mungu
Jumatano, 2 Oktoba 2024

Eliaichi mwenzangu,

Barua yako ilinikuta huku bwawani kwenye moshi, nageuza perege. Nimeisomea hapohapo jikoni, kwa hiyo ukiona hii yangu ina doa la mafuta, usilinuse sana, utatamani nyumbani.

Mama anatembea. Samaki wanatoka kidogo, wakubwa wameadimika. Jumanne na Ijumaa napeleka Same sokoni, nikimaliza kuuza napita kwenye kibanda cha fundi simu nacheza mchezo mmoja au miwili. Nimepanda daraja mara mbili tangu uondoke. Usishangae. Nimekuwa nacheza na mtu wa kuokoteza tu, yeyote nitakayemkuta.

Timu nimeiandikisha. Kuhusu tarehe usisumbuke, mambo ya tarehe niachie mimi. Wewe soma. Baba yako ameuza ng'ombe ili ukae huko, usije ukatoka na sifuri ya Uchumi halafu wakasema ni mimi wa bwawani niliyekuharibu.

Chora hicho ulichokiona, nikione.

Maua


Bwenini, Mamba
Jumamosi, 12 Oktoba 2024

Maua,

Mchoro huu hapa, karatasi ya pili. Nimetumia karatasi ya vyumba ya hesabu, ile yenye miraba midogo, ili kila mnara ukae mahali pake kamili. Fuata namba.

Mawimbi manne ya mwanzo ni dhaifu, kila mtu anajua. Kwa hiyo kila mtu anajenga pole pole akijiona salama. Sisi hatujengi. Minara miwili tu ya upinde kwenye kona ya kusini, basi. Sarafu zote tunazitunza, wewe zako na mimi zangu. Kabla ya wimbi la tano tunatuma kila kitu kwa pamoja. Piga lango la kusini kabla hawajajipanga. Wakishtuka, tumeshaingia. Yule mdogo wao akibanwa anasahau kaka yake yuko wapi, nilimwona mwaka jana anavyohema.

Usibadilishe hata kidogo. Ukichelewa kwa sekunde tano mpango mzima unakufa. Mimi kichwa, wewe mikono, na mikono yako ndiyo ya haraka kuliko yote Same nzima, hilo nalisema bila kukupamba.

Tarehe 14 watakoma.

Eliaichi


Ofisi ya Matroni, Mamba
15 Oktoba 2024

Binti Maua,

YAH: MICHORO ILIYOKUTWA NDANI YA BARUA

Mimi ni matroni wa mwanafunzi Eliaichi. Nimeambatanisha barua yake ya tarehe 12 pamoja na mchoro, ambavyo nilivizuia kwa siku tatu kabla ya kuamua kukuandikia.

Nina miaka ishirini na sita katika kazi hii. Nimeshasoma barua za mapenzi zilizoandikwa kwa kanuni za hesabu, na orodha ya vyakula vya magendo iliyoandikwa kama maombi. Sijapata kusoma barua ya mwanafunzi anayeelekeza watu wapige lango la kusini kabla hawajajipanga. Shule hii ina malango mawili, na moja ni la kusini.

Nilimwita. Akanieleza kwa dakika arobaini kwamba ni mchezo wa kwenye simu. Maneno nilielewa, jambo lenyewe sikulielewa. Nilimuuliza kama anakusudia kutoka shuleni kwa ajili ya mchezo huo. Akajibu, "Mwalimu, sina haja. Tarehe imepangwa vizuri, ni baada ya kufunga shule." Alijibu kwa kujiamini kiasi kwamba nimeona nikuulize wewe.

Naomba maelezo ya kweli na mafupi. Mpaka nitakapoyapata, barua zenu zimesimama.

Mwl. Dorkas


Nyumba ya Mungu
21 Oktoba 2024

Mwalimu Dorkas,

Shikamoo.

Samahani kwa usumbufu. Mimi na Eliaichi tulisoma pamoja Same kidato cha kwanza hadi cha nne. Yeye akaendelea, mimi nikarudi kumsaidia mama biashara ya samaki. Mchezo aliokueleza ni wa kweli na hauna ubaya. Wanacheza wawili dhidi ya wawili. Kila upande una njia na lango lake. Viumbe wanakuja kwa mawimbi kufuata ile njia, na wewe unajenga minara pembeni ya kuwapiga kabla hawajafika langoni. Kila anayepita anakupunguzia roho moja, na roho ni ishirini. Kila unayemuua anakupa sarafu. Kwa sarafu hizo unachagua, ujenge mnara kwako, au utume viumbe zaidi kwenye njia ya wapinzani. Roho za upande mmoja zikiisha, wameshindwa. Lango la kusini ni la kwenye mchezo, Mwalimu, si la shule.

Umeomba ukweli, kwa hiyo nitakwambia na jambo ambalo Eliaichi halijui. Tarehe ilibadilishwa. Tarehe 1 Oktoba wenye ukumbi walisema Desemba yote imejaa harusi, wakasogeza mashindano nyuma hadi Jumamosi tarehe 16 Novemba. Siku hiyo yeye atakuwa shuleni. Sikumwambia. Kidato cha tatu alitoka kwenye mtihani wa nusu muhula dakika ya ishirini ili awahi mchezo, na akasema alikuwa amemaliza. Nikimwambia sasa, anaweza kushuka mlima kwa miguu. Nilitaka amalize muhula kwa utulivu, halafu nimweleze.

Mimi nitacheza na mtu mwingine. Nakuomba sana usimwambie.

Wako mtiifu,
Maua


Ofisi ya Matroni, Mamba
25 Oktoba 2024

Binti Maua,

Marahaba.

Nimeuelewa mchezo. Ni kama kuzuia ng'ombe wa watu wasiingie shambani kwako huku wewe ukiwaswaga wengine waingie kwa jirani. Kwa nini mtu afanye hivyo kwa starehe, sijui, lakini si kosa kwa kanuni za shule. Barua zenu zimeruhusiwa tena.

Kuhusu ombi lako, nimelifikiria siku mbili. Si kazi yangu kuufichua uongo wako, wala si kazi yangu kuubeba. Sababu uliyonipa ni nzuri. Uzoefu wangu ni kwamba sababu nzuri namna hiyo mara nyingi ina mwenzake amejificha nyuma. Sikuulizi ni ipi. Kamwambie yeye.

Andika kabla mwezi huu haujaisha. Juu ya bahasha weka alama ya msalaba mdogo kwenye kona, nami nitampa bila kuifungua. Nimefanya hivyo mara tatu tu tangu nianze kazi. Kuhusu kushuka mlima, hilo niachie mimi. Hajawahi kunipita mtu.

Mwl. Dorkas


Nyumba ya Mungu
Jumatano, 30 Oktoba 2024

Eliaichi,

Kaa kitandani kwanza ndipo usome.

Mashindano si tarehe 14 Desemba. Ni Jumamosi tarehe 16 Novemba. Nimelijua hilo tangu tarehe 1 Oktoba, siku moja kabla ya kukuandikia kwamba tarehe niachie mimi. Matroni wako ameniambia niseme mwenyewe, na ana haki.

Kwake niliandika kwamba nilikuficha ili usitoroke shule. Hiyo ni kweli, lakini ni nusu. Nusu ya pili ndiyo hii. Niliposikia tarehe imesogezwa, kabla sijasikitika, nilifurahi. Nilisimama pale kwenye kibanda cha fundi nikafurahi kama mtu aliyepewa zawadi, halafu ndipo nikaona aibu.

Tangu kidato cha kwanza wewe unachora, mimi nafuata. Hesabu ulinifundisha wewe, hata insha yangu ya mwisho ulinirekebishia wewe. Sikatai, nilinufaika. Lakini ulipokwenda huko nikaanza kucheza bila mchoro, na nikapanda daraja mbili. Nilikwambia kijuujuu, ukapita kama hukusoma. Nilitaka kujua kama ni mimi nilizipanda au ni wewe uliyebaki mikononi mwangu. Nisingejua bila kuingia ule ukumbi peke yangu.

Nacheza na dada mmoja anaitwa Beatha. Ana miaka thelathini na minne, ni fundi cherehani wa Kisiwani, ana kibanda Same. Si mtu wa kuokoteza kama nilivyokwambia, tunacheza pamoja tangu Agosti. Hilo nalo nilikuficha.

Nimemaliza. Kasirika unavyotaka, lakini usitoke shuleni.

Maua


Bwenini, Mamba
Jumatatu, 4 Novemba 2024

Maua,

Nimekasirika. Sitaandika kwa urefu.

Wiki nne nzima nilikuwa nachorea mtu ambaye alijua sitakuwepo. Ningeambiwa tarehe 1 Oktoba ningelia siku moja, halafu ningekupa baraka. Umeniona mimi mtoto wa kutoroka. Nilitoka kwenye ule mtihani kwa sababu nilikuwa nimemaliza kweli, na nilipata tisini na moja. Ungeweza kukumbuka na hilo.

Huyo Beatha anajua tofauti ya wimbi la mchezo na la bwawani?

Mpango nimeuchora upya kwa ajili ya wachezaji ambao hawajazoeana. Nimekuwekea ndani. Ni uleule, kabla ya wimbi la tano, ila nimeongeza alama za kuhesabia sekunde. Wewe ukiufuata utashinda. Ukiuacha utashindwa na wale ndugu wa Mwanga watapata cha kusimulia. Sikupi kwa sababu nimekusamehe. Nakupa kwa sababu sitaki jina la Perege Wawili lifungwe mara mbili na watu walewale.

Sitatoka shuleni. Mwalimu Dorkas amehamishia kiti chake karibu na lango, la kusini, na anafuma soksi.

Eliaichi


Nyumba ya Mungu
Jumatatu, 18 Novemba 2024

Eliaichi,

Nakupa yote kwa mpangilio, usiruke mistari.

Timu zilikuwa kumi na nne. Ukumbi ulijaa, waliokosa viti wakakaa madirishani. Tulishinda mechi tatu za mwanzo bila jasho. Fainali tukawakuta walewale ndugu wa Mwanga. Yule mkubwa akaniuliza, "Yule mwenzio wa kuchora yuko wapi?" Nikamwambia yuko shule. Akasema, "Basi leo tutalala mapema." Beatha akamtazama suruali akamwambia pindo lako limefumuka, pita kesho kibandani. Watu wakacheka na yule bwana akakaa.

Fainali ni michezo mitatu, anayeshinda miwili ndiye bingwa. Mchezo wa kwanza nilifuata mchoro wako. Nataka ujue hivyo. Minara miwili kona ya kusini, sarafu tukatunza, nikahesabu sekunde kama ulivyoandika. Lakini wale wanakumbuka mwaka jana, Eliaichi. Walishanunua minara miwili ya barafu kwenye wimbi la tatu, wanatusubiri. Na Beatha hawezi kukaa bila kujenga. Akiona kiumbe anakaribia lango, mkono unakwenda wenyewe. Tulipotuma kabla ya wimbi la tano, yeye hakuwa na kitu mfukoni na mimi nikatuma peke yangu. Viumbe wangu wote wakagandia kwao. Tulifungwa wimbi la nane. Waliobaki madirishani wakaanza kuondoka.

Tulipewa mapumziko ya dakika tano. Beatha akasema, "Samahani, mdogo wangu, nimekuharibia."

Nikamwambia, "Hujaharibu. Nilikuvalisha nguo ya mtu mwingine. Mchezo wa pili wewe jenga tu. Jenga unavyotaka, usinisubiri."

"Na wewe?"

"Mimi sijengi. Mimi nitawatazama wao."

Akauliza, "Lango lote niliangalie mimi peke yangu?"

"Unaweza?"

"Naweza."

Na aliweza. Alijenga polepole, mnara baada ya mnara, bila kuacha tundu. Mimi sikugusa upande wetu. Nilikuwa nimefungua upande wa wale ndugu, naangalia minara yao tu, na sarafu zangu zinapanda. Sikuhesabu mawimbi. Nilikuwa nasubiri jambo moja. Sokoni mtu mwenye hela mkononi humsumbui, ana jibu la kila bei. Unamsubiri anunue, abaki mtupu, hapo ndipo hana ujanja. Wimbi la kumi na moja yule mdogo akaukuza mnara wake mkubwa wa mzinga hadi daraja la mwisho. Mzinga ule unakula kila sarafu uliyo nayo. Kaka yake naye akaukuza wa kwake papo hapo, kwa tamaa. Wote wawili wakabaki bila kitu, na mizinga yao miwili inapiga kwa nguvu lakini polepole. Nikatuma viumbe wadogo wadogo, wa bei rahisi, wengi kupindukia. Mzinga unaua mmoja, wanapita sita. Nilisikia yule mdogo anasema, "Barafu, nunua barafu," na kaka yake anajibu, "Kwa nini?" akimaanisha kwa hela gani. Roho zao kumi na tisa zikaisha kabla wimbi halijamalizika.

Mchezo wa tatu wakawa wameogopa. Wakakataa kutumia. Kila wakishika sarafu wanazikalia, wananisubiri nitume. Mimi sikutuma hata kiumbe mmoja. Sarafu zangu nikamnunulia Beatha minara. Hata hivyo tuliumia, maana mawimbi ya kumi na saba kwenda juu hayana huruma, tulibakiwa na roho mbili, na Beatha alikuwa anasali kwa sauti. Lakini wao walikuwa na rundo la sarafu na minara ya kitoto. Wimbi la kumi na tisa likaingia kwao likapita kama halijaona mtu. Walishindwa na mchezo wenyewe, sisi hatukuwagusa.

Tumepewa simu mbili mpya na fulana. Januari tunakwenda Moshi kwenye mashindano ya mkoa.

Nilikuwa nimepanga kuandika hapa kwamba ushindi ni wako pia. Nimeandika nikafuta. Si wako. Mchoro wako ulitufunga mchezo wa kwanza, na hiyo miwili iliyobaki ni yangu na ya Beatha. Nakwambia hivi kwa sababu kukuficha nilishakuficha vya kutosha, na kwa sababu wewe ungeniambia vivyo hivyo.

Nimekosea kukuficha. Kwa hilo naomba radhi bila nusu nyingine nyuma. Kwa kucheza bila wewe siombi.

Na nina ombi moja. Desemba ukishuka, usikae upande wangu. Kaa upande wa pili. Miaka yote hii hatujawahi kupambana, mimi na wewe. Nataka nione mchoro wako ukija kwangu.

Maua


Bwenini, Mamba
Jumapili, 24 Novemba 2024

Maua,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza niliishia pale uliposema si wako, nikaifungia sandukuni. Mwalimu Dorkas aliniona chakula cha jioni sili, akaniuliza, "Mmefungwa?" Nikamwambia wameshinda. Akasema, "Basi nimeelewa," akaenda zake.

Ya pili nilisoma nikiwa na karatasi ya vyumba. Nikaucheza mchezo wa kwanza wote, hatua kwa hatua, nikiwapa wale ndugu minara miwili ya barafu kwenye wimbi la tatu. Nilijaribu kila njia. Hata mimi ningekuwepo, hata vidole vyako na vyangu vingekwenda sawasawa, tungefungwa. Nilichora kwa kuangalia makosa yao ya mwaka jana, nikasahau kwamba na wao wana mwaka mzima wa kuyafikiria. Nilikosea. Naliandika neno hilo kwa wino, sijui kama utaliona tena.

Ya tatu nilisoma ule mchezo wako wa mwisho, wa kukaa bila kutuma kitu, na nikacheka peke yangu hadi wa kitanda cha juu akaniuliza kuna nini. Kumfunga mtu kwa kutomfanya kitu. Hilo nisingelichora hata kwa miaka kumi.

Nimekusamehe la tarehe. La Agosti, la Beatha, bado kidogo, lakini linakuja. Mpe salamu zangu, mwambie namheshimu.

Ombi lako nimelikubali. Tunafunga Ijumaa tarehe 6. Jumamosi nitakuwa kwenu Nyumba ya Mungu na simu ya mama, na bando la wiki. Mlete Beatha, msije mkasema nilimkuta mmoja. Mimi nakuja na Ummy, wa darasani kwetu, kwao ni Maore. Hajawahi kushika mchezo huu, ana siku kumi na tatu za kujifunza kwa karatasi. Jana nilimchorea njia yote, kona zote, nikaanza kumpa namba za kufuata. Nikaacha. Nikamuuliza yeye angeanzaje.

Akanijibu jambo ambalo miaka minne sijawahi kulifikiria. Sikuambii ni lipi.

Eliaichi